Saa Nne ya Maskati

Wifi yangu Mwatum ana kichwa kigumu, na nalisema hili mbele yake, kwa hiyo si kusengenya. Akishika jambo amelishika. Kaka yangu aliyemuoa alishanyoosha mikono zamani, siku hizi ukimuuliza habari za mkewe anakwambia, "Muulize Rahma." Rahma ndiye mimi, dada mtu. Tangu nifiwe na mume wangu nakaa nao nyumba moja hapa Madungu, na jioni mimi na Mwatum tunauza urojo mjini Chake. Yeye anakoroga, mimi natia bajia na kachori, na mdomo ni wangu. Wako wanaokuja kwa urojo na wako wanaokuja kunisikiliza.

Basi nataka kuieleza hii habari ya Mwatum na maua yake, maana mji mzima unaisimulia na kila mtu anaikosea. Wako wanaosema ati alirogwa. Hakurogwa na mtu! Alikosea saa, basi, na hata kukosea kwenyewe hakukosea yeye.

Mwatum kazaliwa Ole, kalelewa Wingwi. Mama yake, Bimkubwa binti Vuai, alifariki naye bado kitoto hakijui hata kujifunga kanga, na mama yake mdogo akaja kumchukua akenda naye Wingwi. Dada yake mkubwa, Asma, alikuwa msichana tayari. Yeye alibaki Ole na baba yao mpaka alipoolewa na Badar, ambaye jamaa zake ni watu wa Omani, akamfuata Maskati. Huko ndiko aliko mpaka leo, na wajukuu anao.

Sasa, Asma ana mama wa kumkumbuka. Mwatum hana. Picha hakuna, maana hakuna aliyepiga. Siku moja tunamenya viazi, akaniambia, "Wifi, wenzangu mkisema mama, mnaona mtu. Mimi naona neno tu." Akaendelea kumenya. Niliona uchungu mpaka nikainuka nikajitia kwenda kutafuta chumvi.

Muda si mrefu ikaingia sauti ya Asma kwenye simu. Mwatum huisikiliza kwa sauti ya juu, kwa hiyo nyumba nzima tukaisikia.

"Mwatum mdogo wangu, kuna msafiri anakuja, nimempa amana yako. Ni mbegu za maua ya mama. Alikuwa nayo Ole, ubavuni mwa jiko. Siku naondoka nilizifunga kwenye ncha ya mtandio, na huku zinaanguka zenyewe, zinaota zenyewe, mwaka hadi mwaka, sina kazi nazo. Ila yangu yamekuwa mekundu matupu. Mti wa mama ulikuwa mmoja na rangi zote: tawi hili manjano, tawi hili jekundu, na mengine ua moja limerashiwa rangi mbili. Zipande, mdogo wangu. Labda zikirudi kwao zitarudi na rangi zake."

Nilimtazama Mwatum. Ameishika simu kwa mikono miwili, kama anayepokea kikombe cha moto.

"Nitayaona aliyoyaona mama," akasema.

Akamuuliza dada yake: yanafunguka lini hayo? Jibu likaja hapo hapo. "Saa nne, mdogo wangu. Saa nne ikifika utayaona yamefunguka yote, utadhani yamegongewa kengele."

Amana ilikuja ndani ya kikopo cha kahawa. Vimbegu vyeusi, vya mviringo, vina makunyanzi, pilipili manga kabisa. Wallahi nusura nivitie kwenye pilau. Nilishavimimina kwenye kinu, Mwatum akaniruka kama nimeshika mtoto wake kwa mguu.

Hapa Madungu ua wetu ni saruji tupu, kwa hiyo akaamua kuzipanda kule kule Ole, kwenye kiambo cha mama yake. Nyumba ilishaanguka siku nyingi. Umebaki msingi wa mawe na kipande cha ukuta wa jiko, na mihogo ya jamaa zake pembeni, na mikarafuu nyuma. Akalima matuta, akayanyoosha kwa kamba. Mwatum anapenda kitu kinyooke. Hata kachori zangu huzipanga upya.

Utaratibu wake ukawa huu: asubuhi, akishamenya viazi, anapanda gari ya Ole. Anapalilia, anamwagia maji, anangoja saa nne, anarudi kabla ya adhuhuri, maana mchana wetu ni wa kupika urojo na jioni yetu ni ya kuuza. Msiniulize kwa nini hakwenda usiku. Nilimuuliza mimi mwenyewe, nikamwambia saa nne ziko mbili, ya asubuhi na ya usiku. Akanijibu, "Ya usiku ya nini? Ua limekuwa popo?" Nikaona kweli. Mimi mtu wa mjini, maua yangu ni ya plastiki, nayafuta vumbi Idi hadi Idi.

Mbegu zikaota. Zikaota zote! Majani mabichi, mashina yamenona, na baada ya mvua mbili tatu kila ncha ikashika vichomozo vya maua. Mwatum alirudi Madungu anaimba. Akafua kanga yake nzuri aende nayo kuyapokea.

Akenda. Saa nne ikafika. Hakuna kitu.

Vichomozo vimefumba, na vingine vimelegea, vinaning'inia kama kitambaa kilichokamuliwa. Akakaa juu ya msingi na mwavuli wake mpaka ikakaribia saa tano. Hola. Siku ya pili hola. Akampelekea Asma sauti: "Dada, hayafunguki." Asma akajibu, "Yatafunguka, saa nne ile ile." "Saa nne n'nakuwepo mie!" "Basi labda maji." Akayazidishia maji. Halafu mtu akamwambia maji yamezidi, akayapunguza. Akayatia samadi ya mbuzi. Akayasomea Ayatul Kursi, kwa kushuku jicho la mtu. Na mtu mwenyewe aliyemshuku alikuwa Mzee Ngwali.

Mzee Ngwali ni jirani wa kile kiambo. Ana mbuzi wake, asubuhi hukata majani karibu na hapo, na jioni hupita kuwarudisha mbuzi. Mtu mpole, mwenye maneno machache, na hayo machache ndiyo yaliyoleta vita.

Asubuhi moja alisimama na mundu wake akasema, "Bi Mwatum, sabalkheri. Hongera, maua yako jana yamenisimamisha njiani."

Mwatum akayatazama yale matambara yake yaliyonywea. Akamtazama mzee. "Haya, ahsante," akasema, lakini alirudi nyumbani anafoka. "Mzee mzima ananichezea shere!"

Siku nyingine tena: "Maashallah, Bi Mwatum. Jana hata mbuzi wamekataa kupita."

"Mzee Ngwali, mimi yangu macho."

"Hee! Mwenye macho haambiwi tazama," mzee akasema, akacheka kidogo, akaenda zake.

Basi hapo ndipo alipolikoroga! Mwatum jioni ile alikoroga urojo mpaka ukamwagika. Kila mteja alisimuliwa habari ya kizee cha Ole kisichokuwa na haya. Mimi nikatia chumvi yangu, sitakataa. Nilisema kama ni mimi ningempiga kwa maneno mpaka mvi zigeuke nyeusi.

Lakini kilichomaliza kabisa kilikuwa kile cha ukutani. Pale kwenye kipande cha ukuta wa jiko, nje ya matuta yake, palikuwa pameota mimea kama ile ile, imekaa ovyo, mmoja huku mmoja kule. Mwatum akasema kuku wamechakura mbegu wakazitawanya, na mtu anayepanda kwa kamba hawezi kuvumilia kitu kama hicho. Akawa anaifyeka kwa jembe kila akienda, na kila akienda anaikuta imechipua tena, maana mmea ule chini una mzizi mnene kama muhogo. Siku hiyo Mzee Ngwali alimkuta na jembe juu.

"Hayo ya ukutani yaache, Bi Mwatum," akasema. "Hayo si yako."

Mwatum jembe likamshuka. "Si yangu? Kiambo cha mama yangu, na ukuta wa mama yangu!"

"Nakwambia si yako," mzee akasema vile vile, taratibu.

Alirudi Madungu hana rangi. Hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikaa kitandani akavua mtandio, akasema, "Wifi, nimechoka. Hayatafunguka. Nilikuwa na mama mmoja sikumuona, na sasa n'na maua yake na hayo sitayaona. Nakwenda kuyang'oa yote kabla sijawa kichekesho cha Ole nzima."

Nikamwambia angoje kidogo. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," akanijibu, na machozi yakamtoka. Nami yakanitoka. Tukakaa tunalia watu wazima wawili, viazi vinatungoja.

Sasa sikiliza akili za wifi yangu. Kung'oa asubuhi hataki, maana Ngwali atamuona na atacheka. Lakini alijua kwamba Mzee Ngwali, akishasali alasiri, hubaki msikitini kwenye darsa. Basi tutakwenda alasiri, tusali kwa jamaa zake pale pale Ole, na mzee akiwa angali darsani sisi tung'oe, tuondoke, akipita na mbuzi wake akute udongo mtupu. Siku hiyo urojo hatukuuza. Nilikwenda naye kwa sababu mizizi ile mtu mmoja haiwezi, na pia kwa sababu sitaki kitu kitokee halafu nisimuliwe.

Tukasali. Tukapita kwenye mihogo, yeye mbele na jembe begani, mimi nyuma na kikapu. Mara akasimama, nikamvaa mgongoni.

"Una nini wewe?"

Ameinua uso, ananusa. Nami nikaipata ile harufu, nzuri, laini, inakaribia ya asumini lakini siyo. Nikasema labda kuna harusi. Mwatum jembe likamteleza begani likaanguka, asijali. Akaenda mbio, na Mwatum ninayemjua mimi hakimbilii hata mvua.

Nilipomfikia alikuwa amesimama mbele ya matuta yake. Yamefunguka! Yote, mstari kwa mstari, kila ncha ina ua, kila ua limekodoa. Nilipiga kigelegele peke yangu kama mwehu.

Yeye hakupiga. Alikuwa anatembea kando ya matuta, ameinama, anaangalia ua kwa ua. Alipofika mwisho akageuka, akarudi na tuta la pili. Halafu akajiketisha kwenye msingi.

"Mekundu," akasema. "Yote mekundu, wifi. Hakuna la manjano hata moja. Ni ya Asma haya. Mama hayumo."

Yalikuwa mazuri, lakini nilijua hakuja Ole kwa uzuri. Nikasogea kwenye kipande cha ukuta, nimpe nafasi alie. Na pale pembeni, kwenye kona ya mawe ambako jembe lake halikupata kuingia, umejibana mmea mmoja mkubwa kuliko yote ya matuta. Nikauona. Tawi hili manjano, tawi hili jekundu. Na katikati yake, maua ya manjano yamerashiwa wekundu, hakuna mawili yaliyofanana.

"Mwatum," nikaita. "Mwatum, njoo!"

Alikuja. Aliyaona. Akapiga magoti kwenye mawe na kanga yake safi, akayakusanya yale maua kwa viganja bila ya kuyachuma, akatia uso ndani. Alikaa hivyo muda mrefu.

Aliponyanyua kichwa akasema, "Wifi, n'nakumbuka mkono."

"Mkono wa nani?"

"Sijui. Mkono tu. Upo hapa usoni mwangu, na una harufu hii."

Mbuzi wakalia nyuma yetu. Mzee Ngwali huyo, katoka darsani na koti lake, kasimama njiani. Mwatum akamtazama, nikasema leo mtu atapigwa. Lakini aliuliza kwa upole kabisa, "Mzee wangu, haya ya ukutani nani kayapanda?"

"Hakuyapanda mtu. Yanaanguka yenyewe, yanaota yenyewe, tangu na tangu. Nyumba imeanguka, yenyewe yapo. Mbuzi wangu nawapitisha kule wasiyaguse." Akajikuna kidevu. "Nilikwambia si yako, bibi. Ni ya Bimkubwa."

Loo! Mwatum akajishika kichwa. "Na mimi nayafyeka kwa jembe! Mzee wangu nisamehe. Na ukinisifia nikidhani wanicheka."

"Nikucheke kwa lipi? Kila jioni nayaona yamefunguka. Nikajua na wewe wayaona."

"Mimi naja saa nne! Yanafunguka saa nne!"

Mzee akamtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Saa nne? Ua la alasiri?"

Ikabidi apigiwe Asma, tena kwa picha. Uso wake ukajaa kwenye simu, na miwani juu. Mwatum hakumsalimia vizuri, aliigeuza simu kwenye ukuta, na tukamsikia Asma anapiga ukelele. "Yenyewe! Mwatum, ndiyo hayo! Ya mama hayo! Si nilikwambia, saa nne yanafunguka?"

"Dada," Mwatum akasema, "huko kwenu sasa hivi saa ngapi?"

"Saa tano na nusu. Nateleka chai ya jioni."

"Saa tano na nusu ya jioni!"

"Sasa ulitaka ya nini?"

Mimi nikaanza kucheka hapo, na sikuweza kujizuia. Mtu kakaa Maskati miaka yote hiyo mpaka anahesabu saa kama Waarabu! Saa nne yake yeye ni saa kumi yetu sisi. Wifi yangu kachomwa na jua la asubuhi miezi, kasomea maua Ayatul Kursi, kamgombeza mzee wa watu, kumbe dada mtu kasahau kwao jua linahesabiwaje. "Asma!" nikapiga kelele kwenye simu, "umekwenda Uarabuni umetuachia maua ukachukua saa!" Mzee Ngwali naye alicheka mpaka akashika mbuzi asianguke. Tuliyemuona kizee cha kejeli, kumbe mtu wa watu, na ana mapengo mazuri akicheka.

Mwatum ndiye hakucheka. Alingoja tumalize. "Dada, kuna mkono," akasema. "Mkono una harufu hii. Nani huyo?"

Asma akavua miwani.

"Huyo ni mama," akasema. "Akishasali alasiri akikaa pale ukutani na wewe mapajani. Akiyatunga haya maua kwenye uzi, akijivalisha mkononi, na wewe akikuvalisha. Halafu akikushika mashavu kwa mikono miwili. Kila siku, Mwatum. Mpaka siku alipougua. Sikukwambia kwa sababu nilidhani ulikuwa mdogo mno, na ningekuumiza bure."

Mwatum akachuma ua moja, lile lililorashiwa, akachomoa uzi kwenye pindo la kanga yake, akaanza kutunga. Vidole vyake vilikuwa havijapata kufanya kazi ile, lakini vilijua pa kushika.

Tulirudi Madungu jua linazama, kikapu hakina kitu, jembe tumeliacha kwa Mzee Ngwali. Matuta ya mekundu yapo mpaka leo, na yale ya ukutani siku hizi yanaachwa yakae ovyo yanavyotaka. Msimu huu yameingiliana: kwenye matuta ya Asma limejitokeza moja lenye mstari wa manjano, na Mwatum akampelekea picha kabla hata hajavua viatu. Kamba yake ya kunyooshea matuta anaanikia nguo.

Kwa hiyo Ijumaa ukija kutaka urojo alasiri, hutupati. Tunafungua baada ya magharibi. Wateja walinuna, wamezoea. Na Mwatum akifika na uzi wake wa maua mkononi, wakimuuliza, "Bi Mwatum, ulikuwa wapi tangu saa zile?" hataji Ole wala hataji maua.

"Nilikuwa kwa mama," anasema, na anaanza kukoroga.